Mpenzi wa Sinema na Kimya Chake

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Wengi huutumia usemi huo kumtahadharisha mtu juu ya yule asiyesema. Kwa Maalim, usemi huo ni kanuni ya sanaa. Aliutumia kupimia mashairi katika miaka yote aliyosomesha Kiswahili katika skuli za Unguja, na alipostaafu akaanza kuutumia kupimia sinema. Filamu inayosema sana huiita hotuba. Filamu inayojua kunyamaza huiita shairi.

Maalim si mtaalamu wa sinema, wala hajapata kudai hivyo. Hakuisomea fani hiyo, hajashika kamera, na hajaandika juu ya filamu hata ukurasa mmoja. Ni mpenzi tu, kwa maana inayofahamika katika mabaraza ya Mji Mkongwe: mtu anayekipenda kitu bila ya kulipwa, na anayekitolea hukumu bila ya kuombwa. Baada ya sala ya alasiri hukaa barazani na kikombe cha kahawa chungu, na wanaomjua hawana haja ya kumchokoza. Huitaja filamu aliyoiona wiki hiyo, kisha akaipitia kama anavyosahihisha insha ya mwanafunzi: hapa mizani imezidi, hapa muwala umekatika, hapa mtunzi amerejea jambo ambalo ubeti uliotangulia umekwisha kulisema.

Mapenzi hayo ni ya tangu utoto. Katika miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa watoto waliohesabu senti zao mbele ya Majestic, jumba la sinema la Vuga lililojengwa upya mwaka 1955 baada ya lile la awali kuungua moto. Huko ndiko alikomwona Raj Kapoor katika Awara, filamu ya mwaka 1951, na Nargis katika Mother India ya mwaka 1957. Filamu hizo zilisemwa Kihindi, na wengi kati ya walioujaza ukumbi hawakukijua Kihindi. Hata hivyo, walilia palipostahiki kilio na wakacheka palipostahiki kicheko. Maalim huifanya kumbukumbu hiyo kuwa hoja. Ikiwa watu wa Ng'ambo waliweza kuifahamu hadithi ya mama na wanawe bila ya kuyafahamu maneno yake, basi maneno si uti wa mgongo wa sinema. Uti wa mgongo ni uso, ni mkono, ni mlango unaofungwa, na ni ule muda ambao mtunzi anampa mtazamaji akae na vitu hivyo.

Majumba ya sinema ya mjini yalifungwa moja baada ya jingine, na kwa miaka mingi Majestic ilibaki kuwa kuta za kupigiwa hadithi. Siku hizi Maalim hutazama nyumbani, katika laptopu ya mjukuu wake, msichana wa chuo kikuu ambaye huja kila Ijumaa usiku na filamu aliyoichagua yeye. Laptopu huwekwa juu ya meza ndogo, dirisha la njiani hufungwa ili pikipiki zisiingilie kati, na taa huzimwa. Kwa njia hiyo mzee huyu, ambaye hajavuka bahari zaidi ya kwenda Dar es Salaam na kuhiji Makka, ameziona filamu nyingi zinazozungumzwa duniani katika miaka hii, na kwa kila moja ana neno la kusema.

Oppenheimer, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2023, haikumridhisha. Ni filamu ya saa tatu, na Machi 2024 ilipata tuzo saba za Oscar, lakini Maalim hakutishwa na tuzo. "Utenzi usio na pumzi," alisema. Kwa maoni yake, kila mtu katika filamu ile anajibu kabla hajaulizwa, na muziki unakimbia nyuma ya maneno kana kwamba unachelea kuachwa. Kisha likafika lile jaribio la bomu katika jangwa la New Mexico, alfajiri ya tarehe 16 Julai 1945. Mwanga unajaa, moto unapanda, na mshindo hauji. Kinachosikika ni pumzi za watu tu, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotarajia, ndipo ngurumo inapofika. Maalim aliinua kidole. "Hapo! Hapo mtunzi amekumbuka kwamba shairi lina kituo." Mjukuu wake akamweleza kwamba hayo ni mambo ya sayansi tu, kwani mwanga hutangulia na sauti hufuata. Maalim akajibu kwamba, ikiwa ni hivyo, sayansi imetunga ubeti bora kuliko zote za filamu nzima.

Perfect Days, ambayo Mjerumani Wim Wenders aliitengeneza Japani, nayo ikatoka mwaka huo huo wa 2023, ilimkalia moyoni kwa wiki kadhaa. Mhusika wake, Hirayama, anasafisha vyoo vya umma mjini Tokyo. Huamka, humwagilia mimea yake, husikiliza kanda za kaseti garini, huipiga picha miti wakati wa chakula cha mchana, na karibu hasemi kitu. Kōji Yakusho, aliyeigiza nafasi hiyo, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Cannes, na mara hii Maalim aliafikiana na waamuzi. Mwishoni Hirayama anaendesha gari, kamera imemkazia usoni, na uso ule unacheka na kulia kwa pamoja bila ya neno lolote kutamkwa. Maalim aliomba arejeshewe sehemu hiyo mara tatu.

Mjukuu hakukubali moja kwa moja. Alisema vyoo vile vya Tokyo vilibuniwa na wasanifu majengo mashuhuri, na kwamba msafishaji wa vyoo vya soko lao hapa hana nafasi ya kuipiga picha miti. Ana ndoo, ana mgongo unaouma, na ana watoto wanaosubiri. Je, kimya cha Hirayama si kimya kinachowapendeza wasiowahi kushika ndoo? Maalim alifikiri, kisha akakiri kwamba swali hilo ni la haki. Hata hivyo hakuiondolea filamu sifa zake. Alisema mshairi anaweza kusifu amani ya mtu mmoja bila ya kudai kwamba umasikini ni amani, ingawa msomaji naye ana haki ya kumtilia shaka.

Filamu iliyowapatanisha ilitoka India. All We Imagine as Light, ya Payal Kapadia, ilipata Tuzo Kuu ya Cannes mwaka 2024, ambayo ni ya pili kwa cheo baada ya Mtende wa Dhahabu. Maalim alikaa akizisubiri nyimbo na michezo ya Bombay ya utotoni mwake, na badala yake akakutana na wauguzi wa hospitali wanaoishi katika chumba kimoja mjini Mumbai, wakisemezana Kimalayalam. Mmoja wao, Prabha, ameolewa na mtu aliyekwenda Ujerumani na ambaye hana tena habari zake. Siku moja linafika boksi bila ya barua. Ndani yake mna sufuria ya umeme ya kupikia wali. Usiku, peke yake, Prabha anaikumbatia.

"Wangapi Unguja," aliuliza Maalim, "wamepokea mizigo kutoka Maskati na Dubai iliyojaa kila kitu isipokuwa neno?" Hakuwa akitaka jibu. Alimaanisha kwamba mtunzi angaliweza kumpa Prabha hotuba ya kurasa mbili juu ya ndoa na upweke, lakini amempa sufuria, na sufuria imesema zaidi. Mjukuu alikubali, na usiku ule walilala wameafikiana.

Maafikiano hayo yalivunjika walipoitazama Vuta N'kuvute.

Maalim alikuwa ameiogopa filamu hiyo kwa muda. Riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999 aliisomesha kwa miaka mingi, na nakala yake imekwisha kukatika uti. Amil Shivji aliigeuza kuwa filamu, na mwaka 2021 ikaoneshwa katika tamasha la Toronto, ikiwa ni filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa huko. Hadithi ni ya Unguja ya miaka ya 1950, chini ya Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume aliyemzidi sana umri, anamkimbia. Anakutana na Denge, kijana anayeupinga ukoloni. Na kuna Mwajuma, shoga yake Yasmin, anayeigizwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarabu.

Alipokwisha kuitazama, Maalim aliusifu mwanga. Alisema hajapata kuviona vichochoro vya mji wake vikiangaliwa kwa mapenzi kama yale, na kwamba kuta za chokaa zilionekana kana kwamba zina kumbukumbu. Kisha akanung'unika. Watu wa filamu ile, alisema, wanasema kidogo mno. Kamera inakaa juu ya nyuso, na nyuso zinanyamaza. Ng'ambo haikuwa hivyo. Katika kitabu mna utani, mna masimango, mna kicheko cha kutokea uani, na Mwajuma wa kitabuni akiingia chumbani hata kuta zinapata habari. "Wametunyamazisha," alisema.

Mjukuu alimtazama. "Babu, si wewe uliyesema maneno si uti wa mgongo wa sinema? Mjapani akinyamaza ni mshairi. Denge akinyamaza ni kosa?"

Maalim hakujibu usiku ule. Barazani siku iliyofuata hakuitaja filamu, na waliomzoea walihisi kuna jambo. Jibu lilikuja Ijumaa ya pili, kabla laptopu haijafunguliwa. "Kimya cha Mjapani sikijui kilichomo ndani yake," alisema, "kwa hivyo hukijaza nitakavyo. Kimya cha Mwajuma ninakijua. Ninajua angelisema nini, kwa sauti gani, na nani angelimjibu kutoka dirisha la pili. Kwangu mimi hicho si kimya. Hicho ni pengo."

Jibu hilo lilikuwa zuri, na mjukuu alilipokea kwa adabu, lakini halikummaliza hoja. Alisema huenda Mjapani naye, akimtazama Hirayama, husikia pengo pale ambapo babu husikia shairi. Huenda kila anayesifu kimya cha filamu anasifu nyumba ya jirani. Kisha akamwomba babu yake waitazame tena Vuta N'kuvute, na asikilize taarabu. Waliitazama. Maalim aligundua safari hii kwamba mengi ambayo hayakusemwa kwa maneno yamepitishwa katika nyimbo, na kwamba desturi hiyo si ngeni Unguja, kwani tangu zamani mtu asiyeweza kumwambia mwenzake jambo usoni alimtunza mwimbaji na ujumbe ukafika. Alirejesha nusu ya lawama zake. Nusu nyingine aliibakisha, naye hajaiacha mpaka leo.

Hata hivyo, lile neno pengo halikumtoka kichwani, kwa sababu halikuhusu filamu peke yake.

Maalim alikuwa na mke. Walikwenda sinema pamoja tangu walipooana, naye bibi huyo alikuwa mpenzi wa filamu kumshinda yeye, isipokuwa mapenzi yake yalikuwa na sauti. Ukumbini alisema tangu taa zinapozimwa mpaka zinapowashwa. Alimwonya msichana asimwamini kijana mwenye masharubu. Alimlaani mkwe mbaya. Aliwatafsiria waliokaa jirani Kihindi asichokijua, na tafsiri yake mara nyingi ilikuwa tamu kuliko hadithi yenyewe. Maalim, mtu wa mizani na vituo, alikuwa akimgusa mkono na kumnong'oneza: "Nyamaza, bibi, tutazame picha." Akinyamaza, ilikuwa kwa dakika moja. Bibi huyo alifariki mwaka 2019, baada ya figo zake kumsumbua kwa muda mrefu, na baada ya nyumba hii kuijua njia ya hospitali kwa kila shimo lake.

Kwa ajili hiyo, kuna filamu moja ambayo mjukuu aliificha. The Gravedigger's Wife ya Khadar Ayderus Ahmed, iliyosemwa Kisomali na kutengenezwa Djibouti, ilitunukiwa mwaka 2021 Farasi wa Dhahabu wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la FESPACO la Ouagadougou. Mjukuu alikuwa nayo kwa miezi mingi. Babu yake ndiye aliyeuliza: "Ile ya Wasomali mbona huileti?" Akajibu kwamba haifai. Maalim akasema filamu iliyopewa farasi haiwezi kutofaa, na kwamba yeye si mtoto mdogo.

Guled, mhusika mkuu, ni mchimba kaburi. Pamoja na wenzake hukaa nje ya hospitali na sepetu zao wakisubiri maiti, na gari la wagonjwa linapofika hulikimbilia. Mkewe Nasra anaumwa na figo. Upasuaji unataka maelfu ya dola, na mtu anayelipwa kwa kaburi hana dola. Pamoja na hayo, wawili hao wanataniana. Ndani ya nyumba masikini, juu ya kitanda cha maradhi, bado ni mume na mke wanaochekeshana.

Maalim hakusema neno juu ya mizani. Wakati mmoja, Guled amekaa karibu na mkewe na kumtazama bila ya kusema, na ukumbi wa Maalim nao ulikuwa kimya, dirisha limefungwa, mashine ya laptopu ikivuma taratibu. Alinyoosha mkono akaisimamisha filamu. Mjukuu alidhani ataiacha hapo, naye akaanza kuomba radhi.

"Bibi yako," alisema Maalim, "angelimwambia nini huyu?"

Mjukuu alikaa kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya bibi yake, kwa sababu hakuweza kuyasema maneno hayo kwa sauti nyingine: "Angelimwambia, we baba, unamwangalia mwenzio kama kwamba umekwisha kumpimia kaburi! Hebu mpe maji anywe, kisha nenda kazitafute hizo pesa."

Maalim alicheka mpaka akajifuta macho, na haikujulikana anafuta nini. Waliiendeleza filamu. Msichana akaendelea kusema. Alimhimiza Guled aondoke, alimwonya mtoto wao, alitafsiri Kisomali asichokijua pale ambapo tafsiri ya chini ya picha ilipita haraka. Babu yake hakumgusa mkono.

Pale barazani, waliokuwa wakisubiri hukumu juu ya filamu ya Wasomali waliipata baada ya siku mbili. Ilikuwa fupi kuliko kawaida. Maalim alisema ni filamu njema, kwamba mtunzi wake anajua wapi pa kutua, na kwamba haifai kutazamwa na mtu mmoja. Mmoja wa wazee aliuliza kama hiyo ni sifa au ni ila. Maalim akasema kwamba kwa muda mrefu alidhani sinema bora ni ile inayonyamaza, na kwamba kumbe alikuwa akizipenda filamu za kimya kwa sababu pembeni yake palikuwa na mtu anayesema. Kimya kilichokuwa kikimpendeza kilikuwa cha watu wawili. Kisha akaomba kahawa nyingine, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya karafuu.

Kanuni yake hajaiacha. Bado huiita hotuba kila filamu inayosema zaidi ya haja yake, na bado anaamini kwamba sufuria ya Prabha ina maneno mengi kuliko midomo ya wanasayansi wote wa Nolan. Lakini Ijumaa iliyofuata, mjukuu alipofunga dirisha na kumuuliza leo angependa kuona nini, alijibu kwamba chochote kitafaa.

"Ila usinyamaze," alisema, naye akazima taa.